Ritungu na Moyo Uendao Mbio

Wajukuu zangu, sogeeni karibu, na mwenye ritungu hapo nyuma alilete mbele tulitazame kabla halijapigwa.

Mwili wake ni gogo lililochongwa na kutobolewa ndani, likawambwa ngozi. Mikono miwili ya mti imechomoza kwenye gogo hilo, na huko juu imeshikana kwa mti wa tatu uliokingama. Kutoka kwenye mti huo hadi kwenye ngozi zimevutwa nyuzi nane. Zamani vyombo vya namna hii vilitiwa kano za ng'ombe. Siku hizi mafundi wengi hutumia nailoni, ile ile ya wavuvi wa Musoma. Wakurya ndio wenye sifa ya ritungu. Mlio wake ni mzito, wa kuvuma, unausikia kifuani mapema kuliko sikioni. Majirani zao Wajaluo wa Rorya wana nyatiti, nayo ni ya nyuzi nane. Mpigaji wa nyatiti hukaa kwenye kigoda, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, akigonga kwa pete hiyo mbao za chombo huku vidole vya mikono vikicheza na nyuzi. Mtu mmoja, ngoma nzima.

Nimetaka mlione kwa sababu habari ninayowaletea leo ni ya muziki unapotumika kumtuliza mtu mwenye ugonjwa mkubwa wa akili. Na kisa kimoja cha kale kabisa cha jambo hilo kinahusu chombo cha ukoo huu huu.

Wengine mmekisikia kanisani. Kiko katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Mfalme Sauli wa Israeli aliingiwa na roho mbaya iliyomtesa na kumtia hofu, akawa hana raha. Watumishi wake wakamshauri atafutiwe mtu ajuaye kupiga kinubi. Akaletwa kijana mchunga kondoo kutoka Bethlehemu, jina lake Daudi. Kila hofu ilipompanda mfalme, Daudi alishika kinubi akapiga, na Sauli akapumua, akatulia. Wanaochunguza vyombo vya kale wanatueleza kwamba kinubi cha aina ile kilikuwa na mikono miwili na mti wa kukingama juu. Kwa umbo ni ndugu wa hili ritungu mnalolitazama.

Wasimuliaji wengi huishia hapo. Mimi sitaishia hapo, kwa sababu kitabu chenyewe hakiishii hapo. Siku nyingine Daudi alikuwa anapiga vilevile, Sauli akachukua mkuki akamrushia, Daudi akaukwepa. Muziki ulikuwa ule ule na mpigaji yule yule. Aliyeandika kisa hiki alikuwa mkweli: muziki ulimpa mfalme nafuu, haukumwondolea ugonjwa. Shikeni hilo, tutalihitaji mbele. Na mshike la pili: mkuki wa Sauli usiwafanye mdhani kila mgonjwa wa akili ni mtu wa hatari. Walio wengi hawamdhuru mtu. Wao ndio wanaopigwa mawe sokoni, wanaonyang'anywa walichonacho, wanaofungwa kamba uani.

Ugonjwa mkubwa wa akili ni ule unaovuruga namna mtu anavyosikia, anavyoona mambo, anavyofikiri na anavyojisikia, kiasi kwamba shule inamshinda, kazi inamshinda, hata kuoga na kula vinamshinda. Mmoja wao ni skizofrenia. Mwenye skizofrenia anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuamini kwa moyo wote kwamba anafuatwa ili auawe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote, karibu mtu mmoja kati ya 300 anaishi na ugonjwa huu. Upo pia bipola, ambao humpandisha mtu juu kwa furaha na kasi isiyo ya kawaida, kisha ukamshusha hadi chini kabisa. Ipo na sonona iliyo kali.

Watu wakimwona mgonjwa anaongea peke yake barabarani, macho yao hukwama kwenye kule kuongea. Hawaioni hofu iliyo chini yake. Na mara nyingi hofu ndiyo inayomtesa kuliko yote.

Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kijisehemu kidogo kiitwacho amigdala. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa zizi: akisikia kishindo gizani apige yowe, kijiji kiamke. Yowe likipigwa, moyo unaenda mbio, pumzi inafupika, viganja vinatoa jasho, miguu inataka kukimbia. Kama mwizi wa ng'ombe amekuja kweli, tunamshukuru mlinzi. Lakini kwa mgonjwa huyu yowe linapigwa usiku na mchana, na mwizi hayupo. Ukimwambia, "Acha woga, mbona hakuna kitu," hujamsaidia. Masikio yake yanamwambia kipo kitu, na moyo wake unashuhudia.

Sasa tuseme kuna kijana wa Bunda, wa miaka kumi na tisa. Simpi jina kwa sababu ni wa hadithi tu, ingawa kila ninachomvisha kimevaliwa na wagonjwa wengi wa kweli. Alikuwa akiuza vocha stendi, pale mabasi ya Mwanza na ya Musoma yanapopishana. Siku moja akaanza kusikia makondakta wakimsema. Akahama upande wa pili wa stendi, wakamsema na huko. Akarudi nyumbani, akafunga mlango, sauti zikaingia naye. Nyumbani wakasema amerogwa, na kwa miezi kadhaa akazungushwa kwa waganga. Baadaye mhudumu wa afya wa mtaani akakaa na mama yake, akamweleza taratibu kwamba huu ni ugonjwa, una dawa, na dawa hizo zinapatikana hospitali. Akaanzishiwa vidonge, kisha sindano ya kila mwezi. Sauti zikapungua sana. Hofu haikuondoka yote.

Siku ya kliniki anafika mapema na mama yake. Hakai kwenye benchi. Anatembea barazani, huku na huku, hatua za haraka, mkono mmoja umeshika kifungo cha shati anakizungusha na kukizungusha mpaka uzi wake umelegea. Chini ya mwembe muuguzi amemwalika mzee mpiga ritungu, na wagonjwa sita au saba wamekaa kwenye mikeka na viti vya plastiki.

Hapa muangalie vizuri, kwa maana hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Mtu yeyote angedhani mzee ataanza na wimbo wa polepole, wa kubembeleza, ili kumtuliza kijana. Hakuanza hivyo. Alitazama miguu ya kijana, akaanza kupiga kwa mwendo ule ule wa miguu: haraka, bila mapambo, nyuzi mbili tatu tu. Kijana akazunguka mara nne, mara tano. Hakujua kwamba anapigiwa yeye, ila sasa hatua zake zilikuwa zinaangukia kwenye mdundo. Mzee akaendelea hivyo kwa dakika kadhaa. Kisha akaupunguza mwendo, kidogo sana, na miguu barazani ikapungua nayo. Akashusha tena. Kijana akasimama penye nguzo, akaegemea, mkono bado kwenye kifungo lakini kifungo hakizunguki.

Mbinu hii ina historia. Miaka ya 1940 nchini Marekani, daktari wa magonjwa ya akili Ira Altshuler, aliyefanya kazi katika hospitali kubwa ya Eloise karibu na Detroit, aliona kwamba mgonjwa mwenye fadhaa akipigiwa muziki mtulivu tangu mwanzo haumfikii, na aliyezama katika huzuni akipigiwa wa shangwe anazidi kujitenga. Akafundisha kwamba muziki uanze pale mgonjwa alipo, ufanane na hali yake, kisha umwongoze hatua kwa hatua hadi pale unapotaka afike. Wanaosomea tiba ya muziki wanafundishwa jambo hilo hadi leo. Nadhani mama zenu walilijua bila kusoma popote: mtoto anapolia kwa nguvu, mama huanza kwa kumtikisa kwa nguvu na kumwimbia kwa sauti ya juu, ndipo anashuka naye.

Na kwa nini miguu ya kijana ilifuata? Kwa sababu mwili wa binadamu hupenda kuungana na mdundo unaousikia. Wavuvi wanaovuta kokoro wanalijua hilo. Wimbo mmoja, na mikono ishirini inavuta kwa pamoja. Pumzi nayo hufuata mwendo, na moyo huifuata pumzi. Ukivuta hewa, moyo huongeza kasi kidogo, ukiitoa, hupungua. Anayeimba analazimika kuitoa hewa taratibu, kwa muda mrefu, mpaka mwisho wa mstari. Kwa hiyo kila mstari anaouimba unaupa moyo nafasi ya kupunguza mbio. Kati ya ubongo na moyo umepita mshipa wa fahamu uitwao vagasi, na huo ndio unaopeleka habari kwamba mlinzi anaweza kukaa chini.

Turudi chini ya mwembe. Mzee sasa ameanza kuimba. Anaimba mstari, na wale wa kwenye mikeka wanaitikia neno moja tu. Anaimba mwingine, wanaitikia lile lile. Kiitikio ni kitu kidogo, lakini kwa mgonjwa ninakiona kuwa kikubwa mno. Ugonjwa wa akili humwondolea mtu mazungumzo. Watu humwogopa, au wakimsemesha wanamhoji: umekula, umemeza dawa, kwa nini umefanya vile? Kiitikio hakimhoji. Kinamwachia nafasi yenye ukubwa wa neno moja, naye anajua kabisa nafasi hiyo inakuja lini. Mtu ambaye kila kitu kinamshtukiza amepata kitu kimoja kisichomshtukiza. Akikosa kuitikia mara hii, nafasi inarudi tena baada ya pumzi mbili, na hakuna aliyemsuta.

Kuna jambo jingine alilofanya yule mzee. Kila baada ya wimbo alinyamaza, tena si kunyamaza kwa kufuta jasho tu. Alinyamaza kweli, mikono juu ya nyuzi. Mwaka 2006 madaktari wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Italia walichapisha uchunguzi waliowafanyia watu 24, nusu yao wanamuziki, waliosikilizishwa muziki wa aina mbalimbali huku wakipimwa moyo na pumzi. Muziki wa kasi uliharakisha moyo na pumzi, wa polepole ukaelekea kuleta utulivu, na aina ya muziki haikuwa na uzito kuliko mwendo wake. Kilichowashangaza ni dakika mbili za kimya walizoweka katikati. Katika kimya kile mapigo ya moyo yalishuka chini kuliko hata yalivyokuwa kabla muziki haujaanza. Wale 24 walikuwa watu wazima wa afya, wala hawakuwa wagonjwa wa akili, kwa hiyo nisiwadanganye kwamba jambo limemalizika hapo. Ila mpiga ritungu mzuri huijua thamani ya kunyamaza.

Mnaweza kuniuliza, je, wapo waliofanya hivi hospitali kweli, mbali na mwembe wa hadithi? Wapo, tena zamani. Huko Edirne, Uturuki, Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali iliyokamilika mwaka 1488. Msafiri Evliya Çelebi aliyeitembelea katika karne ya 17 aliandika kwamba palikuwa na wanamuziki kumi, wakiwapigia wagonjwa mara tatu kwa wiki, wakiwemo wagonjwa wa akili. Jengo lipo hadi leo, chini ya kuba lake kuna chemchemi, na sauti ya maji nayo ilihesabiwa katika tiba.

Zama zetu, vyuo vikuu vilianza kufundisha tiba ya muziki kama taaluma; Chuo cha Jimbo la Michigan nchini Marekani kilianza mwaka 1944. Watafiti nao wakataka kujua kama nafuu hii inaweza kupimwa. Mwaka 2009 Christian Gold na wenzake nchini Norwei walikusanya tafiti za watu wenye magonjwa makubwa ya akili, wakaona kwamba baada ya vikao 3 hadi 10 nafuu ilikuwa ndogo, na baada ya vikao 16 hadi 51 ilikuwa kubwa. Mwaka 2017 zikakusanywa tafiti 18 zenye watu 1,215 walio na skizofrenia na magonjwa ya jamii yake. Waliopata tiba ya muziki pamoja na dawa na huduma zao za kawaida walielekea kuwa na hali bora kuliko waliopata huduma hizo peke yake. Mnaona neno "pamoja"? Hakuna aliyepata ruhusa ya kutupa vidonge akashika ritungu. Kijana wetu wa Bunda akiacha sindano, sauti za makondakta zitarudi, na hakuna nyuzi nane zitakazozishinda kwa kelele.

Mkoa wetu wa Mara umewahi kusema kitu juu ya nguvu hii ya muziki kwa njia ambayo wengi hawaijui. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, yule aliyepelekwa Mwisenge pale Musoma kuanza shule mwaka 1934, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya pili, *Mabepari wa Venisi*, ilitoka mwaka 1969, akiwa Rais. Karibu na mwisho wake kuna kijana amekaa na mkewe usiku wa mbalamwezi, anamweleza jinsi kundi la farasi wachanga wanaorukaruka kwa wazimu wa ujana linavyosimama ghafla, macho yametulia, likisikia tarumbeta. Mtu aliyezaliwa kwenye ng'ombe na ngoma za Wazanaki aliyatafutia maneno hayo Kiswahili chake. Mkifika makumbusho yake Butiama, muikumbuke kazi hiyo.

Sasa nieleze upande wenye miiba, maana kuna wanaodhani muziki wowote unafaa. Spika ya harusi iliyofunguliwa mpaka mwisho inaweza kumharibia mgonjwa wiki nzima. Ngoma ya kumpandisha mtu pepo, hata kama wenyewe wana nia njema, inaweza kumsukuma juu yule ambaye tayari ugonjwa umempandisha. Tena mwenye skizofrenia anaweza kuusikia wimbo wa redioni akaamini maneno yale yametumwa kwake yeye, kwamba mwimbaji anamtisha. Ukimwona amebadilika uso, zima, na umuulize kwa upole angependa nini. Wimbo wa utotoni unaweza kumtuliza mmoja na kumliza mwingine aliyefiwa na aliyekuwa akimwimbia. Mtaalamu wa tiba ya muziki husomea hayo kwa miaka. Mpigaji peke yake, hata awe fundi namna gani, anahitaji muuguzi pembeni.

Kuna na jambo la miguu. Baadhi ya dawa za ugonjwa huu humfanya mtu ashindwe kutulia, miguu ikatembea yenyewe, na ndani akahisi hawezi kukaa. Ukimwangalia utasema ni wasiwasi. Huyo hahitaji wimbo kwanza. Anahitaji daktari aambiwe, ili apunguze kipimo au abadilishe dawa.

Hofu ya wagonjwa wetu imewahi kuongezwa pia na umbali. Hospitali ya Mirembe ilijengwa Dodoma mwaka 1927, na kwa miaka mingi mgonjwa aliyezidiwa alipelekwa huko, hata akitoka mwisho wa Ziwa. Mfikirieni mzee wa Kijita au wa Kiikizu, ametolewa penye lugha yake na nyimbo zake, amelazwa wodini na watu asiowaelewa, huku sauti kichwani zikimtisha. Leo Mwanza kuna hospitali ya Bugando, na hospitali zetu za karibu hutoa dawa za akili. Bagamoyo nako kuna chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, kinachofundisha watu ngoma na muziki kwa kina. Ninatamani sana kuona vijana waliotoka kwenye vyuo kama hicho wakifundishwa na wauguzi wa akili, na wauguzi wakifundishwa nao, kisha wakaletwa Musoma, Bunda na Butiama, mahali ambapo wapigaji hodari tunao tayari. Kliniki ya akili huwa na siku yake, na watu hukaa pale wakisubiri kwa saa nyingi. Saa hizo zipo tayari. Hazihitaji jengo jipya.

Na wewe uliyelileta ritungu mbele, ninajua unachotaka kuniuliza. Ndiyo, unaweza. Nenda kwanza kwa muuguzi, umwombe ruhusa, akueleze nani anapenda kelele na nani hapendi. Msalimie kila mmoja kwa heshima yake. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo hata kama anazungumza na mti. Kaa mahali ambapo kila mtu anaiona njia ya kutokea. Anza kwa sauti ya chini. Usitafute makofi. Mtu akitaka kushika nyuzi, mwachie azishike, hata akizipiga vibaya, maana anayepiga ananufaika kama anayesikiliza, pengine zaidi. Akiinuka katikati ya wimbo akaondoka, usimwite, wala usisimamishe. Endelea tu, na siku ya kliniki ijayo muulize anataka upige upi.